Kagendo, Fungua Sanduku Uangalie Tena

Kagendo mwanangu,

Ukifungua sanduku lako jioni hii utakuta sweta yako ya kijani imekunjwa vibaya. Wewe hukunji nguo hivyo. Tangu ukiwa darasa la tatu unaingiza mikono ndani na kuiacha kola ikitazama juu, na mama yako hupenda kusema kwamba ulizaliwa na pasi mkononi. Mkono uliokunja ile sweta ni wangu. Nataka nikueleze mkono huo ulikuwa unatafuta nini kwenye sanduku lako. Ninakuandikia sasa, jua likiwa bado juu, kwa sababu najijua. Wageni wa maombi ya kukuaga wakishafika nitapata kisingizio cha kunyamaza, na kesho utakuwa umeenda.

Wewe uko Maua kwa shangazi yako unasukwa nywele. Mama yako amekwenda kutafuta sukari na mkate wa wageni. Mimi nimejificha kwenye banda, lile la kufungia miraa, ambalo siku hizi ni la mbuzi na magunia ya mahindi. Nimekalia kreti iliyogeuzwa. Beberu ananitazama kana kwamba mimi ndiye niliyeingia kwake bila hodi, na kwa kweli ndivyo ilivyo.

Sitakuandikia habari ya kuvaa nguo nzito, wala ya kupiga simu ukitua, wala ya kutafuta kanisa. Mama yako ameyasema hayo mpaka hata mbuzi hawa wanayajua. Nataka kukuambia mambo ambayo sikupata kuyasema mdomo wangu ukiwa karibu na masikio yako.

Unakumbuka banda hili lilivyokuwa? Ulikuwa mdogo, lakini najua unakumbuka, maana ulikuwa ukikaa pale mlangoni ukifuta majani ya mgomba kwa kitambaa. Wachumaji walikuwa juu ya miti kabla ya jua kutoka. Miraa ikishuka tunaichambua, tunaifunga vitita, tunaifunika kwa majani ya mgomba isinyauke, halafu inaingia kwenye maboksi. Pikapu ilikuwa inanguruma hapo nje, dereva akipiga honi kama mwenye wazimu. Miraa ikilala sana imekufa, na ndege haingoji mtu. Kilichokuwa mtini Kangeta asubuhi, kesho yake kilikuwa kikiuzwa dukani London. Mimi, ambaye sijawahi kupanda hata ngazi ya ndege, nilikuwa naongea habari za ndege kama rubani. Nilijua ni ipi ya mizigo na ni ipi ya abiria yenye nafasi tumboni. Nilijua mvua ikinyesha Nairobi watachelewa kupakia.

Watu wakaanza kuniita London. Mwanzoni ilikuwa utani, kisha ikawa jina. Hata mchungaji alinitangaza hivyo siku ya harambee ya mabati, na kanisa zima likapiga makofi. Nilipenda jina lile kuliko lile nililobatizwa nalo. Nakuambia ukweli, Kagendo, nililipenda kuliko watu kadhaa waliokuwa wakikaa nyumbani kwangu.

Kisha Waingereza wakaifunga miraa. Wakasema ni dawa ya kulevya, atakayeiingiza ni mhalifu. Banda likanyamaza kwa wiki moja tu ya kushangaa. Wenzangu walilia kidogo, wakajipanguza, wakaanza kufungia soko la Nairobi na la Mogadishu. Mimi nikawacheka. Mtu aliyefungia London atafungia nani mwingine? Niliendelea kupogoa miti ya babu yako kwa mtindo wa London, machipukizi marefu yenye wekundu, na hakuna aliyeyahitaji. Mama yako alinisihi tung'oe ile miti michanga ya chini tupande parachichi. Nikamwambia asiniletee mambo ya watu waliokata tamaa.

Sasa tufike mahali panaponiuma.

Mwaka uliomaliza kidato cha nne ndio mwaka Waingereza walipiga kura kujitoa katika Umoja wa Ulaya. Mimi nililisikia neno Brexit kwa mara ya kwanza kwenye redio ya kinyozi, nusu ya ndevu zikiwa zimenyolewa. Niliruka kwenye kile kiti. Kichwani mwangu mambo yalikuwa wazi kabisa: ni Ulaya iliyowalazimisha Waingereza kufunga miraa, sasa Waingereza wanatoka Ulaya, kwa hiyo miraa inarudi. Nilikimbia nyumbani na sabuni shavuni kumwambia mama yako. Wewe ulikuwa unamenya viazi.

Ukaniambia kwa upole, "Lakini Baba, si Ulaya ilifunga. Ni Uingereza wenyewe. Tulisoma hiyo shuleni kwa gazeti."

Nikakujibu, "Hujamaliza hata shule, na leo unamfundisha London habari za London?"

Mama yako akacheka. Wewe ukacheka pia, ukarudi kwa viazi vyako. Ulikuwa umesema kweli, na ukweli wenyewe ulikuwa pale jikoni kwangu bila gharama yoyote. Sikuutaka kwa sababu ulitoka kwa binti yangu mwenye aproni.

Matokeo yako yalipotoka, ukapata nafasi ya kusomea uuguzi. Hukunisumbua. Uliiweka ile karatasi mezani, ukaigandamiza na kikombe isipeperuke, ukasubiri niseme. Nikasema ngoja kidogo. Waingereza wakitoka tu, ndege zitaanza, na utasoma bila wasiwasi. Ukasema, "Ni sawa, Baba."

Basi wakaanza kutoka, na hawakutoka. Kila nikifungua redio wameongezewa muda. Wanabishana bungeni, waziri mkuu anakwenda, mwingine anakuja, tarehe inasogezwa. Na kila wakisogeza tarehe yao mimi nasogeza yako. Najua hakuna mzazi mwingine Kangeta yote aliyepanga masomo ya mtoto wake kwa kufuata bunge la Uingereza. Walikuwa wakipiga kelele kule, na hapa wewe ulikuwa ukiuza mbegu na dawa za mifugo kwenye duka la mtu, unavaa koti jeupe la dukani ambalo lilifanana kidogo na lile ulilokuwa unalitaka. Nilikuwa nikipita mbele ya lile duka nikitazama upande wa pili wa barabara. Ulidhani nina haraka. Sikuwa na haraka yoyote, nilikuwa sina pa kwenda.

Halafu kuna ile siku ya mjomba wako Kirimi. Hatujawahi kuizungumzia wewe na mimi. Lakini ulikuwa nyuma ya pazia la jikoni na birika mkononi, niliziona ndala zako chini ya pazia.

Alitoka Kibirichia na gunia la viazi begani, kama kawaida yake, akakaa pale kwenye kochi na kofia juu ya goti. Akaniambia, "Shemeji, huyu mtoto asikae hivi. Viazi imefanya vizuri msimu hii. Wacha aende college, mimi nitasimamia. Akimaliza atakuja kunifunga bandeji kwa hii mguu yangu mbaya, na hapo tumelipana."

Alikuwa anacheka aliposema habari ya mguu. Alitaka kunirahisishia. Mtu mwenye akili angesimama akamshika mkono. Mimi nilijinyoosha, nikasema, "Binti ya London hasomeshwi na viazi."

Mama yako aliweka sahani chini. Kirimi alivaa kofia yake, akasema, "Sawa, shemeji. Viazi imesikia." Akanywa chai yake yote, maana ni mtu mwenye adabu, akaondoka. Lile gunia aliliacha. Tulikula vile viazi karibu mwezi mzima, Kagendo, na kila nilipomeza kimoja nilijua ninakula nini.

Birika ulilileta mezani baada ya yeye kuondoka. Ulinimiminia kikombe changu kwanza. Sikuona hasira usoni mwako. Ningeiona, pengine ningepata mahali pa kuanzia kuomba radhi. Uliuliza tu, "Sukari ngapi, Baba?" na wewe unajua sukari yangu tangu utotoni.

Mwishowe walitoka kweli. Nilikaa na redio siku nzima nikingoja watamke miraa. Hawakuitamka. Hawakuwa wametuwaza hata dakika moja. Yale uliyoniambia na viazi mkononi ndiyo yaliyokuwa. Walifunga wenyewe, na walipobaki peke yao na uhuru wao wote, wakaacha pamefungwa.

Ukitaka kucheka, cheka hapa. Mutuma, yule rafiki yangu wa miaka mingi tuliyekuwa tukipakia pamoja, alikuwa amejiunga na kikundi cha mishiri, yale maharagwe mabichi membamba wanayokula huko. Yalikuwa yakiruka na ndege hadi Uholanzi pamoja na maua, kisha lori linavuka nayo hadi Uingereza kama mtu anayetoka sebuleni kwenda jikoni. Baada ya kujitoa, pale pakawa mpaka. Karatasi za Ulaya, karatasi za Uingereza, ukaguzi juu ya ukaguzi, na lori limesimama kwenye foleni huku maharagwe yakikunja uso. Kusafirisha moja kwa moja hadi London kukawa ghali, na kwa kuwa korona ilikuwa imeshaingia, hata ndege zenyewe zilikuwa za kutafuta kwa tochi. Mnunuzi wao akaviacha vikundi vidogo, akabaki na mashamba makubwa yenye watu wa kujaza karatasi. Mutuma akawalisha ng'ombe mishiri. Kile nilichosema kitatufungulia mlango kilikuja kufunga hata mlango wa jirani.

Nilianguka siku zile, ingawa nilikuwa natembea. Ni wewe na mama yako mliosimama. Mama yako aliuza mbuzi zake, akakuambia uende Meru mjini kwa ile kozi fupi ya kuhudumia wazee na wagonjwa. Hakuniuliza. Ulipoondoka asubuhi ile na begi lako, uliniambia, "Baba, nitakuwa narudi wikendi." Mimi nilikuwa nachunga beberu, nikainua mkono.

Na sasa umepata kazi Uingereza. Umenieleza sababu kwa subira, mara mbili, maana mara ya kwanza nilijifanya sisikii: watu wa Ulaya waliokuwa wakifanya kazi hizo wengi walirudi kwao baada ya Brexit, wazee wa Kiingereza wakakosa wa kuwainua kitandani, ndipo wakatazama mbali zaidi. Yaani Brexit ile ile. Ile niliyoipigia debe kwa kinyozi. Niliingoja ndege ya London miaka hii yote ije kuchukua miraa yangu, na imekuja kumchukua mtoto wangu.

Kazi unayokwenda kufanya siidharau. Kumwosha mzee wa watu na kumlisha ni kazi ya heshima, na wewe una mikono ya kazi hiyo. Lakini ulitaka kuwa nesi. Ungekuwa nesi sasa, tena wa miaka kadhaa. Ungekwenda huko ukiwa na jina lako kifuani, au usingekwenda kabisa, ungekuwa hospitalini hapa karibu na unakula nasi Jumapili. Sikukosa uwezo wa kukusomesha. Uwezo ulikuja hadi kwenye kochi langu na gunia begani, nikautukana. Hili ndilo kosa langu la zamani na nililificha chini ya maneno mengi ya hali ya uchumi. Nimekukosea, Kagendo. Nimekukosea mimi, si Waingereza.

Ungedhani mtu aliyejua hayo yote amejifunza. Sasa nakuja kwenye sweta.

Jumapili iliyopita baada ya ibada Mutuma alinivuta kando, hapo nyuma ya choo cha kanisa, mahali ambapo mtu mwenye neno jema hakupeleki. Alikuwa na kifurushi kwenye mfuko wa nailoni. Miraa iliyokaushwa.

"Mzee London," akaniambia, "hii si miraa, ni majani tu. Ukiiona unadhani ni majani chai. Kijana wa ndugu yangu atamngoja Kagendo hapo nje ya airport. Ni kitu ya dakika mbili."

"Na wakiishika?"

"Washike nani? Mtoto wa kanisa, ako na viza ya kazi, uso kama malaika? Hao wanashika watu wengine." Kisha akanipiga begani kwa upole. "Halafu hebu fikiria, mzee. Mzigo wako. London. Tena."

Si pesa iliyonishika, ingawa aliitaja. Ni hilo neno tena. Nililisikia likishuka tumboni likiwa tamu. Nilijua sheria yao inasemaje, hakuna mtu huku kwetu Igembe anayeijua kuliko mimi. Nilijua wakikukuta nayo utakamatwa uwanjani, viza itafutwa, utarudishwa na doa ambalo halitatoka kwenye jina lako maisha yote, kama hutaingia jela kwanza. Nilijua yote hayo nikachukua kifurushi. Jana mchana, wewe na mama yako mkiwa mmeenda kumuaga bibi yako, nilifungua sanduku nikakifunga ndani ya sweta ya kijani. Nilichagua sweta kwa sababu ni nene. Nilikuwa na akili ya kutosha kwa hilo.

Leo asubuhi ulitaka zipu ifungwe, ukaniita nikukalie sanduku. Nililikalia. Ukafunga zipu ukicheka kwamba kilo zangu hatimaye zimepata kazi. Halafu mama yako akasema tufanye mazoezi ya maswali ya uwanja wa ndege. Alivaa miwani yangu, akashika mwiko, akaketi kiti cha mgeni kama ofisa. Wewe ukasimama karibu na kabati na pasipoti mkononi, umenyooka kama siku ya gwaride.

"Unaenda kufanya nini kwa Mfalme?" akauliza mama yako kwa sauti nzito.

"Naenda kazini, madam."

"Hii mzigo ni nani alipanga?"

"Ni mimi mwenyewe."

"Kuna mtu amekupea kitu umbebee?"

"Hakuna, madam."

"Uko sure?"

"Niko sure. Hakuna mtu mwingine ameshika hii sanduku. Ni Baba tu, alinisaidia na zipu."

Ukanigeukia ukatabasamu. Ulikuwa unanitumia kama ushahidi. Ulinitaja mbele ya ofisa kama mtu anavyotaja kitu ambacho hakihitaji kukaguliwa.

Nilisema ng'ombe anaita, nikatoka. Hakuna ng'ombe aliyeita. Nilisimama nyuma ya nyumba nikashika ukuta, nikatapika chai. Uliponiuliza nikakuambia ni maziwa. Samahani kwa hilo pia.

Ulipoondoka kwenda Maua na mama yako akatoka, nilifungua sanduku nikakitoa kile kifurushi. Nilitoa na kila kitu kingine, nikapapasa kila mfuko na kila soksi, kama vile kuna mtu mwingine mbaya zaidi yangu aliyepita pale. Kisha nikarudisha nguo nilivyoweza, na ndiyo maana sweta iko vile. Nikampelekea Mutuma mzigo wake kwa miguu hadi sokoni Kangeta.

Alikuwa kibandani kwake. Aliupokea, akaupima mkononi. "Umeogopa, London?"

"Niite jina langu," nikamwambia.

Akafikiri. Naapa alifikiri kwa dhati. "Wee, mzee, kwani jina yako ilikuwa gani?"

Nikamtajia. Akalirudia polepole, kisha akanikaribisha chai, nikakataa. Nilirudi njia nzima nikiwaza kwamba nilitaka kumwangamiza mtoto wangu kwa ajili ya jina ambalo si langu.

Kwa hiyo nakuomba jambo moja, nalo ni zito kumwomba mtoto. Usiamini barua hii. Fungua sanduku uangalie tena. Toa kila kitu kitandani, kung'uta, kunja kwa mkono wako, funga zipu, na usiniite kulikalia. Ofisa akikuuliza, jibu lako liwe la kweli lote. Na huko uendako, atokee mtu wa kwenu, hata mwenye machozi, hata mwenye kuita jina la Mungu, akikupa kitu umbebee au ahadi uingojee, kumbuka kwamba baba yako mzazi aliyekupenda alifanya hivyo. Alikupenda na akafanya hivyo. Hayo mawili yalikaa katika mtu mmoja bila kugombana, na mimi mwenyewe sielewi yaliwezaje.

Kuhusu kungoja nina neno moja tu, maana mimi ndiye fundi wake. Ukiwa huko wataanza kukuambia sheria za viza zinabadilika, kampuni itapanga, mwaka ujao tutaona. Sikiliza, lakini usiweke maisha yako kwenye redio ya watu wengine. Ukitaka kurudi darasani, hata ukiwa na mvi, nenda. Kirimi bado yuko hai. Jana nilimpigia, mara ya kwanza tangu siku ile. Nilikuwa nimepanga hotuba. Aliposhika simu nikasema tu, "Kirimi, viazi." Akacheka mpaka akakohoa, akasema atakuja leo kwenye maombi na gunia. Hebu fikiria, nilimpigia jana jioni, kifurushi kikiwa bado ndani ya sweta yako. Ndivyo mtu alivyo. Ndivyo nilivyo mimi.

Mama yako sijamwambia habari ya kifurushi. Nilipoanza kuandika nilipanga kumwambia ukishapaa. Huo ni uoga tu, nauona nikiuandika. Nitamwambia leo, kabla hujarudi, na akinifukuza niende kulala na mbuzi hawa, tutakuwa tumezoeana.

Bado jambo moja. Unajua desturi yetu. Mtu akimkosea mwenzake huenda kwenye mbaine, ile miti mikongwe tuliyoachiwa, akachuma, akafunga kitita kwa jani la mgomba, akakipeleka. Hasemi mengi. Aliyekosewa akikifungua, maana yake mnaweza kuketi mkazungumza. Akikiacha kimefungwa, basi bado, na mkosaji anarudi nyumbani na asilalamike. Babu yako alinifundisha, na katika miaka yote niliyofunga maelfu ya vitita vya London sikuwahi kufunga hata kimoja cha aina hii.

Nimepanda mbaine leo. Magoti yamelalamika, na mchumaji wa jirani ameniuliza kama nimerukwa na akili. Nimefunga kitita kimoja. Mkono haujasahau. Kesho asubuhi kabla gari halijafika utakikuta mezani, pale pale ulipoweka karatasi yako ya chuo ukaigandamiza na kikombe. Hutafuni miraa, najua, wala sitaki uitafune. Na tafadhali, mwanangu, kwa jina la Mungu, kisiingie mfukoni wala kwenye mkoba, hata jani lake moja. Hiki si cha kusafiri.

Ukitaka kukifungua, kifungue. Usipotaka, au ukiwa hujui bado unataka nini, kiache kilivyo, upande gari, uende kazini kwako. Sitakuuliza kwenye simu. Kitanyauka baada ya siku mbili, ndivyo miraa ilivyo, nami nitapanda tena nichume kingine nikiweke mezani, na kikinyauka nitafunga kingine, mpaka siku utakayorudi likizo na kukikuta kikiwa kibichi.

Wewe umeningoja vya kutosha. Sasa ni zamu yangu.

Baba yako,
Kaberia